Mgeni Mzee Mwenye Miguu Minne

Wasomaji wapenzi, Jumapili iliyopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na habari za kukausha mboga kabla ya masika. Naomba mniwie radhi. Mboga zitangoja wiki moja, kwani nyumbani kwetu tumeagana na mgeni aliyekaa nasi majuma 14, na tangu aondoke sikuweza kuandika jambo jingine lolote.

Mgeni mwenyewe alikuwa mbwa. Najua wapo watakaogeuza ukurasa wafikapo hapa, nami siwalaumu, maana mwaka mmoja uliopita ningaligeuza pia. Katika nyumba niliyolelewa mbwa alikuwa kitu cha kurushiwa jiwe kwanza na kuulizwa habari zake baadaye.

Mwenyewe mbwa huyo alikuwa mfanyakazi wa mtaa wa pili, aliyestaafu akarudi kwao bara. Siku ya kuhama lori lilijaa makabati, magodoro, cherehani na kuku watatu ndani ya tenga. Mbwa hakupatiwa nafasi. Akabaki ameketi mbele ya lango la nyumba tupu, kana kwamba ameachiwa zamu. Wapangaji wapya walipoingia walimfukuza kwa fagio. Jioni akarudi. Wakamfukuza tena, na tena akarudi.

Katika eneo letu yuko daktari mmoja wa mifugo ambaye, pamoja na rafiki zake wachache, huwaokota mbwa wa namna hii, huwatibu, kisha huwatafutia watu wa kuwachukua moja kwa moja. Hawana jengo wala banda la kuwawekea. Hivyo kila mbwa huwekwa katika nyumba ya mtu, akalelewa kwa muda mpaka mwenyewe mpya apatikane. Alikuja kwetu Jumamosi moja alasiri, akavua viatu, akakubali chai, nami nikajua kuwa ana shida.

“Si wa kudumu, dada,” alisema. “Mtoto wa mbwa hupata mtu kwa siku mbili. Huyu ni mzee. Nikikosa pa kumweka, mwisho wake ni sumu au risasi.”

Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama yeye. Kati yetu hakuna aliyesema ndiyo. Lakini hakuna aliyesema hapana, na daktari, aliye mjanja, akachukua ukimya ule kuwa ni jibu.

Jina lake lilikuwa Simba. Ashukuriwe Mungu kwamba halikuwa mojawapo ya yale majina ambayo watu wetu huwapa mbwa ili kumsengenya jirani. Nisingependa kusimama uani magharibi nikiita “Mtajiju” au “Roho Mbaya” huku watu wakipita. Simba wetu alikuwa na mvi mdomoni kote na ukungu wa rangi ya buluu machoni. Daktari alimfunua midomo akatuonyesha meno. Mbwa kijana, alisema, meno yake madogo ya mbele huwa na vinundu vitatu vitatu, na kadiri miaka ipitavyo vinundu hivyo husagika. Mbwa mzima ana meno 42. Huyu alikuwa amebakiwa na 31, na ya mbele yalikuwa bapa kama yaliyopigwa tupa. Akamkadiria miaka 10 au 11. Nilimwuliza kama ni kweli kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na saba wa binadamu. Akacheka, akasema hesabu hiyo ni ya baraza tu, kwa sababu mbwa wa mwaka mmoja aweza kuzaa, ilhali mtoto wa miaka saba yuko darasa la kwanza.

Siku ile ile alimchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, akamnywesha dawa ya minyoo na kumwondoa kupe mmoja mmoja.

Asubuhi ya pili nilimwendea jirani yetu wa upande wa kibla kabla hajasikia habari kwa wengine. Huyu ni mzee wa Rufiji, mcha Mungu, ambaye huenda msikitini alfajiri kwa kijia kinachopita ubavuni mwa ua wetu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia usiku kwenu mna mgeni asiyepiga hodi.”

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba yeye hamchukii mnyama yeyote, ila mate ya mbwa kwao ni najisi. Kwa madhehebu ya Shafii chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Sasa akiguswa na pua ya mbwa hali amekwisha kutawadha, itakuwaje? Tukapatana hivi: Simba atafungiwa nyuma ya nyumba tangu kabla ya adhana ya alfajiri hadi jua litoke, na sahani yake haitaoshwa kwenye bomba tunalochotea wote.

Nilipoinuka kuondoka mzee akaniita. Akanisimulia hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Akanikumbusha pia kwamba hata wale Watu wa Pangoni waliotajwa katika Sura ya Al-Kahf walikuwa na mbwa wao kizingitini. “Kizingitini,” akakariri, akiinua kidole. “Si kitandani.”

Siku mbili za kwanza Simba hakula. Alilala akiuelekea mlango wa ua, na kila lori lilipopita aliinua kichwa. Watoto walitaka kumbembeleza. Daktari alitukataza tusimzunguke, tumwache atujie mwenyewe. Siku ya tatu alikula ugali mlaini uliochanganywa na dagaa wa kuchemshwa bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatukumpa, kwa kuwa huvunjika vipande vikali na kuweza kumtoboa matumbo. Saruji tupu pia haimfai mbwa mzee mwenye viungo vinavyouma. Tulimkunjia magunia mawili, na asubuhi akawa anainuka kwa shida kidogo kuliko zamani.

Hapa niseme jambo ambalo karibu tulikosee. Mume wangu huumwa mgongo na huweka vidonge vya diklofenaki kabatini. Alipomwona mbwa akichechemea alitaka kumgawia kimoja, kwa huruma tu. Kwa bahati nilimpigia daktari kwanza. Sijapata kumsikia mtu yule akipaza sauti vile. Dawa zetu za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni hasa, zaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Hata parasetamo si salama kwake. Dawa ya mbwa itoke kwa daktari wa mifugo.

Naam, sasa nifike pale ambapo mambo yaliharibika.

Ilikuwa wiki ya tano. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka 8, alikuwa akimfuata mpira nyuma ya banda ambapo Simba alikuwa amelala, akamkanyaga mkia. Mbwa akaruka, akageuka, akamshika mkono. Alimwachia papo hapo, lakini jino lilikuwa limekwisha kukwaruza ngozi, na damu ikatoka, si nyingi, kama ya mwiba.

Tulimpeleka bombani. Mume wangu alishika saa, nami nikashika sabuni, tukaosha kidonda kwa maji yanayotiririka dakika 15 kamili, mtoto akilia, nami nikilia pia. Kisha hospitali. Nawaomba kina mama mnisikie vizuri: usipake mafuta ya taa, usipake majivu, usingoje kesho. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa mwanadamu, kupona ni nadra mno hata twaweza kusema hakuna, lakini sindano zikianza mapema huzuia. Hadi asilimia 99 ya wanadamu wapatao ugonjwa huu wameambukizwa na mbwa, na ndiyo sababu ya kuwachanja mbwa kila mwaka bila kukosa. Siku ya kuukumbusha ulimwengu jambo hili ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yeye ambaye miaka 10 kabla ya hapo alikuwa amemchanja kijana aliyeumwa na mbwa.

Simba alikuwa na chanjo, lakini ya zile wiki tano tu, na ya nyuma hatukuijua. Mtoto akaanzishiwa sindano, nasi tukaagizwa tumwangalie mbwa siku 10: kama alikuwa na sumu ile mateni siku ya kuuma, asingezivuka siku hizo akiwa mzima. Wasomaji, siku 10 zile zilikuwa ndefu. Kila asubuhi niliamka kabla ya adhana nikaenda kumtazama kama anakunywa maji. Mume wangu hakusema neno hadi siku ya nne, aliposema, “Akivuka, aondoke.” Nami sikuwa na hoja. Damu ni ya mtoto wetu.

Alivuka. Siku ya 11 daktari alikuja, akasimama nyuma ya Simba, akapiga makofi kwa nguvu. Simba hakugeuka. Akaangusha sufuria chini. Hapo akageuka, kwa kuwa alisikia mtetemo ardhini kwa miguu yake. Kumbe kwa wiki tano tulikuwa tunaishi na kiziwi, nasi tukidhani ni mtulivu. Mbwa asiyesikia, akiguswa usingizini, huamka akidhani anauawa. Mwanangu alisikiliza maelezo hayo yote, kisha akamwuliza baba yake, “Babu naye ukimwamsha ghafla si hurusha ngumi?” Ni kweli, babu hurusha. Mume wangu akatoka nje akakaa kitambo. Aliporudi alisema abaki, lakini watoto wajifunze kupiga mguu chini kabla ya kumkaribia, na akiwa amelala au anakula asifuatwe kabisa. Nadhani tungalijua hayo tangu siku ya kwanza kama tungalimchunguza badala ya kumhurumia tu.

Wakati huo daktari alikuwa akimtafutia mtu. Wa kwanza alikuwa mwenye ghala, aliyetaka mlinzi wa kufungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku. Daktari alikataa, akamweleza kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Wa pili walikuwa vijana waliooana karibuni, watu wema kabisa, ila wana mtoto anayetambaa. Wakakataliwa nao, kwa heshima. Mimi nilianza kufurahi moyoni kila mtu alipokataliwa, na hapo ndipo nilipopaswa kujitilia shaka.

Kisha akaja mwalimu mstaafu wa Kibaha, mjane, mwenye ua mpana na mwembe. Alikuja mara mbili kumtazama. Alipoambiwa mbwa hasikii alisema, “Mimi nami sikio la kushoto limekwenda. Tutaelewana.” Simba alimnusa viatu kwa muda mrefu, akalala juu ya unyayo wake.

Sasa nikiri. Daktari aliponiuliza kwa simu ni siku gani aje kumchukua, sikumjibu siku mbili. Nilijidai nina kazi nyingi. Mwanangu aliuliza kwa nini tusibaki naye, nami nilikuwa na majibu mazuri: tuna vyumba viwili; Bibi wa Kibaha hana mtu; tukibaki na wa kwanza, wa pili atakosa pa kukaa, na kazi tuliyokubali itakuwa imekwisha siku ile ile. Niliyatamka yote, nikayasikia ni ya kweli, na bado simu sikupiga. Mwishowe alipiga mwalimu mwenyewe. Aliuliza tu, “Mwanangu, analalia nini, ili nimtayarishie?” Nikamwambia magunia mawili, yakunjwe mara nne. Nikamwambia pia kuhusu vitunguu, kuhusu kupiga mguu, kuhusu kutomwamsha kwa mkono. Akaandika yote, nilisikia kalamu.

Walipatana na daktari kwa maandishi kwamba akishindwa kwa ugonjwa au uhamisho, mbwa atarudishwa kwake daktari, asigawiwe mtu mwingine. Simba aliondoka Jumatano kwa pikapu, magunia yake chini yake. Mwanangu alipiga mguu kwenye bodi ya gari, Simba akageuza kichwa, gari likaondoka. Jirani yetu mzee alikuwa barazani. Hakusogea, lakini alinyanyua mkono. Baadaye nikakuta mlangoni kifurushi cha gazeti, ndani yake vichwa vitatu vya changu. Hakuwa amejua kwamba siku ya kuondoka ilikuwa ile.

Mwalimu ametuma salamu. Simba hakula siku mbili. Ya tatu amekula.

Ijumaa daktari alipiga simu tena. Yuko jike mmoja, mzee, chongo, ameokotwa sokoni. Nilimwambia nitamwuliza baba watoto. Sijamwuliza bado, lakini leo asubuhi nimesikia nyundo uani, nami nilipochungulia nilimkuta juu ya kiti, akipigilia bati la banda lililokuwa limelegea.

Habari za kukausha mboga, Jumapili ijayo, Mungu akipenda.