Daftari la mhandisi lisifungiwe kabatini

Kila ofisi ya wahandisi wa majengo ina mzee mwenye daftari. Humo zimo hesabu za haraka alizozikusanya miaka nenda miaka rudi, na anayetaka kuziona lazima kwanza apendwe. Mzee akistaafu, anaondoka nazo. Huu ni uchoyo usiomnufaisha yeyote, na tunasema ukome.

Chukua uzito wa nondo. Kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawanya kwa 162: umepata kilo kwa kila mita. Hiyo 162 haikuokotwa. Inatokana na uzito wa chuma, kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10.7. Lori likifika saiti, kijana anayelijua hilo anashusha nondo moja, anaipima urefu na kuiweka kwenye mizani. Upungufu mdogo unavumilika. Mizani ikisoma kilo 8.2, hiyo ni nondo ya milimita 10.5 iliyopachikwa jina la 12, na lori ligeuze. Wanaouza nondo pungufu wanaishi kwa imani kwamba hakuna atakayepima.

Ila hesabu ya haraka bila masharti yake ni hatari. Wahandisi wetu wengi wamelelewa na BS 8110, kanuni za Uingereza za kusanifu zege: boriti iliyolala juu ya nguzo mbili, gawanya urefu wake kwa 20 upate kina cha kuanzia, inayopita juu ya nguzo kadhaa, gawanya kwa 26, iliyoshikwa upande mmoja tu, kama ya roshani, gawanya kwa 7. Aliyesikia "gawanya kwa 20" akaishia hapo, roshani ya mita 1.5 ataipa milimita 75 mahali panapotaka zaidi ya 210. Na hiyo 20 yenyewe inapunguzwa boriti ikivuka mita 10. Maneno kama hayo ndiyo hudondoka njiani ukurasa unapopigwa picha na kurushwa WhatsApp bila jalada. Waingereza wenyewe waliiondoa BS 8110 mwaka 2010. Daftari lisilo na tarehe halitakwambia.

Wapo wakubwa wanaosema vijana wakipewa njia za mkato watakuwa wavivu. Mbona tayari wanabofya programu na kuchapa majibu? Asiye na makadirio kichwani hawezi kushtuka kompyuta inapompa boriti nyembamba kupita kiasi kwa sababu aliingiza mzigo bila sifuri moja.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi tayari ina mpango wa mafunzo kazini kwa wahitimu, SEAP, wa miaka mitatu. Humo ndimo pa kuanzia. Kila mwelekezi atoe hesabu zake, wenzake wazikague, na kila moja iandikwe pamoja na chanzo, mipaka na tarehe. Watabishana, na wabishane: hesabu ambayo mwenyewe hawezi kuitetea mbele ya wenzake haifai kusanifia ghorofa la watu. Kurasa za nondo na zege zitolewe pia kwa Kiswahili, nakala zifike kwa mafundi wakuu, maana mara nyingi mzigo unashushwa mhandisi akiwa mjini.