Usiniambie nani kaja, niambie nani kaondoka

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi. Boom lilichelewa, na lilipotoka likakuta madeni yamelisubiri mlangoni, kwa hiyo hela ya vocha ikawa ndoto. Leo nimerudi na nina hasira kidogo, na hasira yenyewe inahusu usajili.

Jana usiku chumbani kwetu hapakulalika. Rumeti wangu ni Mwiraki wa Dongobesh, Yanga damu. Mimi ni mtu wa Katesh, na mnaonijua mnajua kwamba ni Simba tangu sijajua kusoma. Ubishi ulianza saa tatu, ukaisha saa nane jirani alipogonga ukuta. Watu wakaja kutoka vyumba vingine, wakakaa mpaka juu ya ndoo. Yakatajwa majina weee! Nani anakuja, nani kaonekana uwanja wa ndege, nani kapigwa picha na jezi usiku wa manane. Saa tano nzima za kelele, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali dogo tu: anayeondoka ni nani, na kazi yake itafanywa na nani?

Huo ndio ugomvi wangu. Sisi mashabiki wa nchi hii hatujui kupima biashara ya wachezaji. Tunapima kwa matarumbeta.

Nikiwa mdogo nilikuwa naenda mnadani Katesh na mjomba wangu. Siku moja nikamuuliza, "Mjomba, leo tunauza yupi?" Akanijibu, "Wewe niulize nani atabaki kulima." Nyumbani kwetu kulikuwa na jozi mbili za maksai. Mjomba aliweza kuuza dume zuri kabisa, lenye nguvu, wakati bei iko juu, na majirani wakamshangaa. Hawakujua kwamba nyuma ya zizi kuna dume changa linalozoezwa nira tangu msimu uliopita. Lakini sikuwahi kumwona akiuza maksai wawili wa jozi moja mwezi mmoja kabla ya mvua. Huo ungekuwa wazimu, mtalima kwa meno?

Sasa twendeni kwenye mpira. Na hapa naomba Wanasimba wenzangu mnivumilie, maana naanza na sisi.

Agosti 2021 tulikuwa mabingwa mara nne mfululizo. Tulikuwa na Luis Miquissone, yule aliyewafunga Al Ahly pale kwa Mkapa Februari mwaka huohuo, na tulikuwa na Clatous Chama. Dirisha moja, wote wawili wakaondoka: Luis akaenda Al Ahly, Chama akaenda RS Berkane. Nakumbuka tulivyoshangilia! Tukasema Simba sasa ni klabu ya kuuza Afrika Kaskazini. Wakaja akina Pape Sakho na Peter Banda, vijana wazuri tu, Sakho mpaka akapata tuzo ya bao bora la CAF mwaka 2022. Lakini jozi ilikuwa imeuzwa yote. Msimu ule wa 2021/22 Yanga wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, na wakaendelea kuuchukua 2023, 2024 na 2025. Chama mwenyewe tulimrudisha Januari 2022, msimu uko katikati. Luis tukamrudisha 2023, hakuwa tena yule tuliyemjua. Yaani tuliuza maksai, halafu tukaenda mnadani kuwanunua walewale wakiwa wamechoka.

Mtaniambia, basi kuuza nyota ni makosa. Hapana! Hapo ndipo rumeti wangu alipotaka kunikumbatia jana, maana mfano wangu wa pili ni wa Yanga.

Mwaka 2023 Fiston Mayele alikuwa moto. Yanga wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho, wamelikosa mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, na Mayele ndiye mfungaji bora wa mashindano. Dirisha likafunguliwa akaenda Pyramids ya Misri. Sisi Wanasimba tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukasema Yanga kwisha habari yao. Na kweli, yule mshambuliaji kutoka Ghana aliyeletwa kuziba pengo, Hafiz Konkoni, hakuwika kabisa. Lakini hebu angalia nani waliingia dirisha hilohilo: Pacome Zouzoua kutoka ASEC na Maxi Nzengeli kutoka Maniema. Na Aziz Ki alikuwa tayari zizini tangu 2022, ameshazoea nira.

Tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwa kwenye banda la video Katesh. Tano moja. Maxi mawili, Aziz Ki moja, Pacome penalti, na la kwanza Musonda. Sitaki kueleza zaidi, aliyekuwepo anajua tulivyotoka mle ndani. (Mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Desemba, tope la Mlima Hanang likashuka mjini, tukawa na mambo mengine ya kulilia.) Msimu uleule Aziz Ki akafunga mabao 21 ya ligi, na Yanga wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mamelodi wakawatoa kwa penalti tu. Waliuza mfungaji wao bora wakawa timu bora zaidi. Na Mayele naye akabeba Ligi ya Mabingwa na Pyramids mwaka 2025. Hakuna aliyelia hapo.

Halafu likaja la Chama 2024, ambalo watu wazima walilia kama watoto. Mkataba umeisha, ana miaka 33, kaenda Yanga. Msaliti! Jezi zikachomwa kwa maneno na nyingine kwa kiberiti. Nilikuwa nasema hadharani wakati ule na nasema tena: Simba walifanya sawa kumwacha. Walimleta Jean Charles Ahoua, kijana wa miaka 22, na msimu wa 2024/25 akamaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, na Simba wakafika fainali ya Shirikisho. Chama alikaa Jangwani msimu mmoja, mara nyingi benchi, akaondoka kwenda Singida Black Stars. Rumeti akanijibu, "Lakini kombe la ligi tulichukua sisi." Ni kweli, sikatai. Walilichukua kwa akina Pacome na Maxi, Chama alikuwa ni wa kutuumiza roho tu. Klabu inayosajili ili jirani aumie roho inalipa mshahara wa majungu.

Nilisoma mahali kuhusu besiboli ya Marekani. Kule msimu ukiisha klabu hubadilishana wachezaji mtu kwa mtu: nipe mrushaji wako wa kuanza mechi, nikupe vijana wangu wawili. Gazeti likiandika linaandika pande zote mbili, kilichotoka na kilichoingia, kwa hiyo shabiki analazimika kupima. Nao hukosea, tena vibaya. Mwishoni mwa 1919 Boston Red Sox walimuuza Babe Ruth, mrushaji aliyekuwa amegeuka mpigaji hatari, kwa New York Yankees. Boston hawakupata ubingwa tena mpaka 2004. Lakini angalau kule kila mtu anajua ni nini kiliondoka. Sisi tunapewa bango la "Karibu" na tunaridhika.

Tusidhani ni la Dar peke yake. Mkoa wetu wa Manyara ulipata timu ya Ligi Kuu, Fountain Gate, pale Tanzanite Kwaraa, Babati. Watu wa Katesh na Mbulu tukawa tunapanda basi asubuhi kwenda kuangalia mpira wa kweli. Kulikuwa na kijana anaitwa Selemani Mwalimu, akishika mpira uwanja mzima unasimama. Januari 2025, dirisha dogo, akaenda Wydad ya Morocco. Kwake ni heri na nilimpigia makofi. Fedha iliingia mfuko gani si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba pale Babati sikusikia mtu akiuliza nani atafunga kuanzia Februari. Mei na Juni ikatujibu: timu ikaingia kwenye mchujo wa kupigania kubaki ligi. Ilipona, lakini kwa presha ambayo sitaki tena.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo lililonifanya nikasirike kweli jana.

Nilipokwenda fildi, nilifundisha sekondari moja ya kata huko Hanang. Kulikuwa na kipa wa kidato cha tatu, mrefu, mikono kama beleshi, mtoto wa mjane. Timu ya shule ilijengwa juu yake. Akaja jamaa akasema ni wakala, akampa mama shilingi elfu hamsini ya nauli, akamchukua kwenda "majaribio" katika timu moja ya mjini. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Kijiji kizima kikashangilia, na mimi mwalimu wenu mtarajiwa nikiwemo! Nilipiga picha naye stendi. Baada ya miezi saba karudi. Hakuwahi kusajiliwa popote. Wenzake wamejiandikisha mtihani wa kidato cha nne, yeye jina lake halimo. Nilipokwenda kumsalimia mama, akaniambia, "Mwalimu, wamemrudisha na jezi." Akanionyesha jezi yenyewe, imekunjwa vizuri kabatini. Kijana siku hizi anaendesha bodaboda ya mtu.

Nani alipima biashara ile? Tulihesabu anakokwenda, hatukuhesabu anachoacha. Shule ikapoteza kipa, mama akapoteza mwanafunzi.

Na kanuni zipo jamani. FIFA imeweka kwamba mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya fedha inagawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Asilimia ndogo, lakini ya mauzo makubwa ingetosha kujenga uwanja wa kata. Tatizo ni kwamba inakwenda kwa klabu iliyosajiliwa na yenye kumbukumbu za kijana. Timu yetu ya kijiji haipo kwenye daftari la mtu yeyote, ipo kwenye vichwa vya wazee. Mtoto akitoka Endasak au Haydom akafika Ulaya, huku hatudai hata shilingi, kwa sababu hatuna karatasi inayosema alikuwa wetu.

Kwa hiyo nikirudi likizo nakwenda chama cha mpira cha wilaya kuulizia usajili wa timu ya kata yetu unaanzia wapi. Rumeti kasema naye ataulizia upande wa Mbulu, na huo ndio usajili pekee tuliokubaliana jana. Atakayekuja kuchukua kijana mwingine atakuta daftari, tarehe ya kuzaliwa na sahihi ya mzazi, na atasaini kwamba mtoto atarudishwa kufanya mtihani. Asipotaka, basi lipo, apande mwenyewe.

Yule kipa nimempigia leo mchana. Nilimwambia kuhusu kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akasema ana abiria, atanipigia baadaye. Bado nasubiri, na kesho saa mbili nina testi ya saikolojia ya elimu.