Katibu anayeongea na simu

JICHO LA SHANGAZI
Na Shangazi wa Ilala

Mtu anayeandika kumbukumbu za kikao kwa kuiongelesha simu si katibu. Ni mjumbe mwingine anayezungumza bila kunyoosha mkono, na kwenye kamati za harusi wajumbe wa namna hiyo tunao wa kutosha.

Nasema haya nikiwa nimetoka kwenye kikao cha Jumapili iliyopita, baa moja ya Sinza, viti vya plastiki chini ya mwembe, spika ya muziki imeielekea meza kuu. Mwenyekiti alikuwa yule yule. Mnamfahamu: Mwenyekiti wa Kudumu, ambaye harusi ikinong'onwa tu Dar es Salaam yeye keshafungua kikao cha kwanza kabla bwana harusi hajajua tarehe. Safari hii alikuja na katibu mpya, kijana mwenye adabu, aliyeniamkia vizuri, "Shikamoo shangazi," akakaa, akatoa simu kubwa kama sahani ya pilau. Daftari hana. Mama mmoja wa upande wa bibi harusi akamsogezea la kwake pamoja na kalamu. Kijana akalirudisha kwa mikono miwili. "Siku hizi tunatumia sauti, mama," akasema.

Ahadi zikaanza. Kila mjumbe akitaja kiasi chake, katibu anasogeza simu mdomoni na kurudia: "Mjomba wa bwana harusi, laki moja na nusu." Mjomba akadhani anabishiwa, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Katibu naye akarudia. Mweka hazina, anayeandika kwenye daftari lake la kaunta, akauliza kama hiyo ni ahadi ya pili. Mhudumu akapita katikati akiuliza nani kaagiza kuku nusu. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na katibu, kioo nakiona. Baada ya jina la mjomba yalifuata maneno mawili ya wimbo, kisha kuku, kisha 100000. Ile nusu ya laki ilikuwa imekwenda na kuku.

Mjomba aliposomewa ahadi yake alisimama. Sitayaandika aliyoyasema, gazeti hili linasomwa na watoto.

Katibu alipoona nyuso zimebadilika akahamia kwenye kalamu. Ndiyo, simu yake ina kalamu yake, imechomekwa humo humo ndani. Akaandika juu ya kioo, na kusema kweli mwandiko wake ni mzuri, ameacha mistari, ameweka vichwa vya habari. Angeishia hapo ningefunga mdomo. Lakini kuna kitufe cha kugeuza mwandiko kuwa chapa, na kijana hawezi kuona kitufe akakiacha. Ukageuka chapa, kwa Kiingereza. Wali ukawa "wall", na kamati ya chakula ikawa imepitisha kwa kauli moja ukuta wa watu mia tatu.

Mwisho akarudi kwenye kibodi, vidole gumba viwili, na hapo ndipo damu iliponichemka. Kila neno aliloandika simu ililipigia mstari mwekundu chini. Ahadi, mstari. Ukumbi, mstari. Hawajachangia, mstari mrefu zaidi, maana neno lenyewe ni refu. Simu imenunuliwa na Mtanzania kwa shilingi za Kitanzania, na inamweleza Mtanzania kwamba yote aliyoyaandika tangu aketi ni makosa. Nikamuuliza, mwanangu, hii kibodi ni ya lugha gani?

"Ilikuja hivi hivi, shangazi."

Ilikuja hivi hivi! Kava halikuja hivi hivi, lina picha yake na mchumba wake. Mlio haukuja hivi hivi, tuliusikia mara nyingi kuliko agenda. Picha iliyo kwenye kioo ni ya timu yake ya mpira, ambayo siitaji nisije nikapoteza nusu ya wasomaji wangu. Vyote hivyo kavichagua, kavihangaikia, kavilipia. Kitu anachokigusa kutwa nzima, kinachopitisha kila neno lake, ndicho alichowaachia watu wa kiwandani wamchagulie.

Uvivu. Sitafuti sababu nyingine, na msinitumie barua za kunieleza kwamba vijana wana mambo mengi. Shemeji yangu wa Ubungo ana umri wa kustaafu mara mbili na kibodi yake ni ya Kiswahili.

Wenzetu wa zamani walijua kwamba namna ya kuandika ni kitu unachokichagua, halafu unakaa kitako ukajifunza. Makatibu mahsusi waliosomea uhazili Tabora walifundishwa hatimkato, ile aliyoitoa Mwingereza Pitman mwaka 1837, ambamo mstari mwembamba ni "p" na mstari ule ule ukikolezwa unakuwa "b". Fikiria mtu anayetofautisha sauti kwa uzito wa mkono huku bosi anaendelea kuongea na hapunguzi mwendo. Mama wa namna hiyo ungempa kamati ya harusi ya Mwenyekiti wa Kudumu, ungepata hata kikohozi cha mjomba.

Hata vifaa vya mkononi vilianza kwa kudai heshima hiyo. Mwaka 1993 Apple walitoa Newton, kikajidai kinaweza kusoma mwandiko wa kila mtu jinsi ulivyo. Kikasoma vibaya hadi katuni ya The Simpsons ikakitania, na mwaka 1998 kikazikwa. Palm walikuja mwaka 1996 na jeuri: sisi hatujifunzi mwandiko wako, jifunze wetu. Herufi zao waliziita Graffiti. "A" haina kile kimstari cha katikati, ni pembe tupu, unapanda na kushuka bila kuinua kalamu. Watu wazima, wenye shahada zao, walikaa wakajifunza kuandika "a" upya, na Palm ikauzwa. Aliyejifunza hakulalamika tena.

Na Nokia ya tochi je? Ile 1100 ya mwaka 2003. Neno "harusi" pale linataka mibonyezo 15: "h" mara mbili, "a" mara moja, "r" tatu, "u" mbili, "s" nne, "i" tatu. Adhabu, ndiyo. Lakini kitufe cha 5 kilikuwa na kinundu chake, kidole gumba kikikipapasa kinajua kiko wapi, na ndiyo maana mtoto wa sekondari aliweza kuandika barua ya mapenzi chini ya dawati huku macho yake yakimtazama mwalimu kwa unyenyekevu. Kioo hakina kinundu. Kioo kinataka macho yako, yote mawili, na katibu aliyeinamia kioo hamuoni mjumbe aliyenyoosha mkono wala mweka hazina anayetikisa kichwa. Kwa kikao hilo ni tatizo kubwa kuliko mistari yote myekundu, na ndiyo maana sikuelewa kwa nini daftari la yule mama lilirudishwa.

Kisingizio cha kwamba simu hazijui Kiswahili kilikwisha zamani. Mwaka 2017 Google waliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti, cha Tanzania na cha Kenya kila kimoja na nafasi yake, na kibodi yao ya Android ina Kiswahili kabisa. Sauti yenyewe inafanya kazi ukiwa peke yako ndani ya gari, madirisha juu, au chumbani kabla jirani yangu hajawasha jenereta lake. Peke yako. Ukiwa mbele ya watu ni kelele juu ya kelele, na faragha ya mjomba inaingia kwenye simu ya mtu.

Kuna jambo moja lakini ambalo hakuna kibodi itakayokuokoa nalo. Kikao kijacho kilipangwa Jumapili saa 10 jioni. Katibu akaandika saa 10, simu ikampa kikumbusho chenye saa 10 za Kizungu, akakubali bila kusoma, akakisambaza kwenye kundi la WhatsApp. Kwa hiyo sasa kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi tunakutana saa nne usiku. Mwenyekiti wa Kudumu amejibu kwa dole gumba. Huyo atakwenda tu, hata saa nane ya usiku.

Basi, makatibu wa vikao vya harusi, vya VICOBA, vya misiba na vya mitaa, sikilizeni. Kwenye kikao andikeni kwa kidole au kwa kalamu, mkiwa kimya. Ingieni kwenye mipangilio ya kibodi, ongezeni Kiswahili, na ile tabia ya simu kusahihisha yenyewe izimeni. Bakizeni mapendekezo peke yake. Hata kibodi ya Kiswahili haiwezi kujua kila kitenzi chetu, kwa sababu tunakibebesha kitenzi mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. "Hatutawachangisha" haliko kwenye orodha ya mtu, na msipoizima ile tabia mtapewa neno jingine mkalitia saini. Kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu, kisomwe mbele ya aliyeahidi kabla hajaketi. Na saa iandikwe pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku wake, halafu kikumbusho kitazamwe kabla ya kutumwa.

Nyinyi wauza simu wa Kariakoo nanyi mna lenu. Mteja akinunua mnambandikia kioo cha kukinga, mnamsajilia laini, mnamfungulia WhatsApp, wengine mnamwongezea kava. Kabla hajaondoka mbele ya kaunta, mwekeeni na kibodi ya Kiswahili. Ni kazi ya dakika moja. Mkiona inastahili malipo, tozeni; sisi ni watu wa kuchangishwa kila wikiendi, tumeshazoea kutoa.