Haki ya Asiye na Ulimi

Upo usemi unaosikika mara kwa mara miongoni mwa wapenzi wa mashindano ya farasi nchini Marekani, ya kwamba mashujaa wamekwisha na waoga wamerithi matandiko yao. Zamani, husema wenye usemi huo, mpanda farasi akianguka aliinuka, akajipangusa tope, akapanda tena na kuendelea. Siku hizi akianguka mara moja tu huamriwa ashike hatamu arudi zizini kwa miguu. Wanaililia desturi ile kama mtu amliliavyo mzazi. Mimi nasema kilio hicho hakina maiti. Kilichokufa si ushujaa. Kilichokufa ni dhuluma iliyokuwa imevaa nguo za ushujaa.

Msomaji ambaye hajapata kuyaona mashindano haya na ajue kwanza yalivyo. Mtu mmoja na farasi mmoja hupimwa kwa mitihani mitatu. Wa kwanza ni wa adabu: farasi hutembea na kugeuka uwanjani kwa madaha, akitii ishara ambazo mtazamaji hazioni. Wa pili ni wa mbio za nyikani: farasi huruka magogo mazito, kuta, mahandaki na vidimbwi kwa kasi. Wa tatu ni wa kuruka viunzi vyepesi uwanjani, ili ijulikane kama baada ya taabu ile angali mzima na mtulivu. Mtihani wa pili ndio uvunjao mifupa, na ndio tunaobishania.

Hakuna kisa kinachofaa kuitetea desturi ya zamani kuliko cha Lana du Pont. Mwaka 1964, katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, bibi huyu wa Marekani alikuwa mwanamke wa kwanza kushindana katika mchezo huu kwenye Olimpiki. Farasi wake aliitwa Mr. Wister. Kwenye kizuizi cha tatu cha nyikani farasi alianguka kwa kishindo, akavunjika mifupa ya taya. Bibi akapanda tena. Mbele ya safari wakaanguka mara ya pili. Akapanda tena, na wakamaliza. Timu ya Marekani ikapata medali ya fedha.

Namheshimu bibi huyo. Aliwafungulia wanawake mlango ambao haujafungwa tena: mwaka 1984 Karen Stives na Torrance Fleischmann walikuwamo katika timu ya Marekani iliyotwaa dhahabu mjini Los Angeles, na mwaka 2023 Tamie Smith, akimpanda Mai Baum, akashinda huko Kentucky. Sheria ya siku zile ilimruhusu du Pont kuendelea, naye hakuivunja. Simlaumu yeye, nailaumu sheria. Maana katika kisa kile walikuwapo wawili. Mmoja alijua alichokitafuta na akakubali kulipa gharama yake. Wa pili alikuwa na taya lililovunjika, na hatamu zilivutwa katika kinywa kile kile. Nani alimwuliza? Tena alama za safari yao hazikuhesabiwa, kwa kuwa zilichukuliwa za wapanda farasi watatu bora wa timu, naye alikuwa wa nne.

Desturi hiyo ilitoka jeshini. Mchezo ulianza kwa kuwapima farasi wa maofisa, na vitani asimamaye hufa. Mwaka 1936, kwenye Olimpiki ya Berlin, njia ya nyikani iliua farasi watatu. Mmoja wao alikuwa wa Marekani, jina lake Slippery Slim. Katika mashindano hayo hayo farasi jike Jenny Camp, akipandwa na Earl Thomson, aliipatia Marekani medali ya fedha. Jina la Jenny Camp limehifadhiwa kwa sifa. La mwenzake nani hulitaja? Lakini baada ya Vita Vikuu vya Pili jeshi la Marekani liliachana na farasi wa vita, na mchezo ukaingia mikononi mwa raia. Ikiwa vita vimekwisha, kwa hoja gani farasi aendelee kufa kifo cha askari?

Mwezi wa Aprili 2008, huko Kentucky, farasi wawili, Frodo Baggins na The Quiet Man, walianguka katika mbio za nyikani na wakapoteza maisha. Haukupita muda mrefu, sheria ikageuzwa: aangukaye mara moja nyikani ametoka. Vizuizi vingine vikawekewa pini zinazokatika, ili gogo lianguke badala ya farasi kupinduka. Basi tazameni ni nani aliyekuwa rais wa shirikisho la michezo ya farasi la nchi hiyo wakati huo: David O'Connor, aliyetwaa dhahabu mjini Sydney mwaka 2000 akimpanda Custom Made. Je, huyu naye tumwite mwoga?

Watauliza: ni haki mtu aliyejizoeza miaka minne kutolewa kwa kuteleza mara moja? Nakiri kwamba ni uchungu. Lakini aliyetoka kuanguka si hakimu mwema wa hali yake. Kichwa kinavuma, damu imechemka, na medali i mbele ya macho yake. Sheria humwamulia kwa kuwa saa ile hawezi kujiamulia. Na humsemea farasi kwa kuwa hawezi kusema saa yoyote.

Watasema tena kwamba farasi mwenye moyo hufanya maajabu. Ni kweli. Neville Bardos, farasi wa Boyd Martin, aliokolewa zizi lilipoungua mwishoni mwa Mei 2011, akiwa ameumizwa vibaya na moshi. Na Septemba ya mwaka ule akashika nafasi ya saba huko Burghley, Uingereza. Lakini kwanza alitibiwa, akapumzishwa, akapimwa, ndipo akarudishwa mbioni. Ajabu ile ilizaliwa na subira, haikuzaliwa na ubishi.

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kama kilio hicho ni cha shujaa mwenyewe, aliyejichagulia njia yake, na tukinyamazie. Lakini mpanda farasi hajitii hatarini peke yake. Nanyi wanafunzi, wengi wenu hamtapanda farasi maishani, hata hivyo mtakuwa manahodha, viranja, wazazi na wakuu wa kazi, na chini yenu watakuwapo wasioweza kusema, "Nimechoka," au "Nimeumia." Siku hiyo msijipime kwa umbali mliofika tu. Ulizeni pia mliyekuwa mmempanda amefikaje. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.