Sauti za chini ya maji: watu waelezwe mapema

Mwaka 1997, vyombo vya Wamarekani vilinasa mlio mkubwa chini ya bahari ya Pasifiki. Wengi walidhani ni mnyama asiyejulikana. Baadaye wataalamu wakaeleza kuwa ni barafu ya Antaktika ilikuwa inapasuka.

Sisi huku hatuna bahari, tuna maziwa. Wavuvi wa Kyavinyonge wanajua mlio wa kiboko, unaopita hewani na majini pia. Mngurumo wa tetemeko ni kitu kingine, na Ziwa Edward liko ndani ya Bonde la Ufa. Tena majini sauti inakimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, kwa hiyo aliye ndani ya maji hatambui vizuri inatokea upande gani.

Ziwa Kivu ndilo linaniogopesha. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 gavana akahamisha sehemu ya Goma, akisema magma imefika chini ya mji na chini ya ziwa, ziwa lenye gesi nyingi. Familia zilikimbilia Sake na Rwanda bila kujua kama maji yatalipuka. Hayakulipuka. Lakini kabla ya hapo OVG, kituo kinachochunguza volkano, kilikosa pesa, hata intaneti kwa miezi!

Aliyekwisha kukimbia vita mara tatu, akiambiwa usiku kwamba ziwa linanguruma, hatauliza sababu, atabeba watoto. Naomba redio zetu zimualike mtaalamu wa OVG kila juma, aseme kwa Kiswahili na Kinande, kabla uvumi haujafika kambini.