Cadillac yakaribishwa, fundi je?

Barazani kwetu, baada ya sala ya isha, mazungumzo aghalabu huwa ya mpira na bei ya unga. Usiku mmoja akaja kijana wa jirani yangu, akaniamkia, kisha akasema: "Ami, umezisikia habari? Wamarekani wameingia Formula One na Cadillac. Sasa ndipo mbio zitakapokuwa mbio." Nikamjibu kwamba nimezisikia, ila sina furaha kama aliyo nayo yeye. Alistaajabu, maana ajua kwamba mapenzi yangu ya magari ni ya tangu utotoni. Makala haya basi ni jawabu langu kwake, na kwa msomaji yeyote mwenye fikira kama zake.

Kwanza na tutazame mgeni huyu aliingiaje. Aliyebisha hodi mwanzo alikuwa Michael Andretti, mwana wa Mario Andretti. Mario alizaliwa mwaka 1940 huko Istria, nchi iliyokuwa chini ya Italia wakati huo. Vita vilipokwisha na mipaka ikahamishwa, wazazi wake wakawa wakimbizi, wakakaa miaka kambini mjini Lucca, hata mwaka 1955 wakavuka bahari kwenda Marekani. Mtoto yule wa kambini ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1978. Mwanawe naye aliendesha, kisha akaunda timu iliyojipatia sifa kubwa huko kwao. Januari 2023 akatangaza kuwa ataomba nafasi katika Formula One akishirikiana na Cadillac, lile jina la magari ya fahari ya General Motors.

Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ambalo ndilo lenye sheria za mchezo, lilimchunguza na kumkubali Oktoba 2023. Lakini mlango ule una kufuli mbili, na ya pili wameishika wenye biashara. Hao wakakataa tarehe 31 Januari 2024. Walisema hawaoni kuwa timu hiyo itaweza kushindana, na kwamba jina la Andretti litanufaika kwa Formula One kuliko Formula One itakavyonufaika kwa jina hilo. Wakaongeza kwamba General Motors ikija na injini yake mwenyewe mwaka 2028, shauri litatazamwa upya.

Miezi kumi haikutimia. Wabunge wa Marekani walipiga kelele, serikali yao ikaanza kuchunguza kama sheria za ushindani zimevunjwa, na Novemba 2024 mlango ukafunguka. Michael alikuwa amekwisha kaa kando. Jina la Andretti likafutwa kibaoni, la Cadillac likabaki peke yake, na mzee Mario akapewa kiti katika bodi. Idhini ya mwisho ikatoka Machi 2025, na kuanzia msimu wa 2026 timu zikawa kumi na moja. Je, injini ile iliyodaiwa imepatikana? La, wanaazima ya Ferrari, na yao wenyewe wameahidi kuwa tayari mwaka 2029. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Januari ya 2024 methali hiyo ilifanya kazi, Novemba ikasahauliwa.

Kuna na kiingilio. Mkataba wa Concorde uliokuwapo uliweka dola milioni 200, zigawiwe timu kumi zilizotangulia ili kufidia kupungua kwa mafungu yao. Yaripotiwa kwamba Cadillac ilitakiwa kiasi cha milioni 450. Siku niliyopelekwa chuoni kuanza alifu, marehemu mama alikaanga mahamri, yakagawiwa watoto wote waliokuwa mkekani. Sikumbuki mtoto hata mmoja aliyetaka ajue kwanza kuja kwangu kutampunguzia nini!

Lakini fedha zenyewe si neno. Wenye nazo wazitumie. Kinachonikera ni kwamba fedha zote hizo zawalinda waliokwisha keti, na hapana hata dola moja inayowekwa kando kumlinda fundi wa timu mpya siku kampuni itakapochoka. Nayo kampuni ya magari huchoka. Hili silisemi kwa kubahatisha.

Sisi tuliokulia pwani tulikuwa tukikimbilia barabara kuu kuzitazama gari za Safari Rally, siku hizo zikishuka huku kwetu bado. Mwaka 1984 Safari ilichukuliwa na Toyota, na 1985, na 1986 pia. Nyuma ya Celica zile alikuwako Msweden, Ove Andersson, ambaye mwenyewe aliishinda Safari mwaka 1975 kwa gari la Peugeot. Karakana yake ilikuwa Cologne, Ujerumani. Toyota ilipoamua kuingia Formula One, karakana hiyo hiyo ya watu waliolijua vumbi letu ndiyo iliyogeuzwa kuwa timu, na Andersson akawa kiongozi wake. Walifanya majaribio mwaka mzima wa 2001, wakaanza mbio 2002 mjini Melbourne, na siku ya kwanza tu Mika Salo akaleta pointi moja. Matumaini yalioje!

Waliendesha mbio 139 bila kushinda hata moja. Mwaka 2005 walimaliza wa nne, na hapo ndipo upeo wao. Novemba 2009, hesabu za dunia zilipokuwa mbaya, mabwana wa Tokyo wakatangaza kuwa basi. Honda ilikuwa imekwisha kutoka Desemba 2008, BMW ikatangaza kuondoka Julai 2009. Katika muda usiotimia mwaka, viwanda vitatu vikubwa vilikunja majamvi yao.

Sasa angalia ajabu hii. Timu iliyotupwa na Honda ilichukuliwa na kiongozi wake, Ross Brawn, kwa bei ya pauni moja tu. Mafundi wengi waliachishwa kazi, lakini waliosalia wakalitia gari walilokwisha libuni injini ya Mercedes, tena ya kuazima, na mwaka ule ule wa 2009 wakatwaa ubingwa wa dereva na wa timu vile vile. Mtu na aniambie, thamani ya timu ile ilikuwa katika kibao cha kiwanda au katika mikono ya mafundi?

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kiwanda kinachoingia Formula One, kiwe Cadillac, au Audi iliyoinunua Sauber ya Uswisi na kuingia msimu huo huo wa 2026, kitakiwe kuweka dhamana. Siku kitakapoondoka, dhamana hiyo iendeshe karakana msimu mmoja kamili, ili mafundi watafute mnunuzi wakiwa na mishahara mkononi. Milioni 450 zikigawanywa kwa kumi ni milioni 45 kwa kila aliyetangulia. Nusu ya fungu hilo ingetosha kabisa kuwapoza, nusu ikawekwa amana. Najua nitaambiwa kwamba mshairi wa pwani hana hesabu za mambo haya. Haya, wenye hesabu na walete zao.

Kijana yule alinisikiliza, kisha akauliza: "Sasa ami, hutawashangilia?" Nilimwambia nitawashangilia, na hasa zile sekunde mbili tatu gari linaposimama kubadilishwa magurudumu, watu wameinama hawaonekani nyuso. Akacheka, akaniambia kuwa yeye wakati huo huenda kuchukua kahawa.