Mwanafunzi Mpya Naye ni Mgeni Wetu

Ndugu zangu wa Kwale, kuanzia Ng'ombeni hadi Vanga, kuanzia Kinango hadi Kisiwa cha Wasini, kupokea wageni si jambo tunalohitaji kufundishwa. Ndiyo kazi inayolisha nyumba nyingi za Diani na Ukunda. Mtalii akishuka garini mlangoni mwa hoteli, hakuna linalofanywa kwa kubahatisha. Jina lake liko kwenye orodha tangu jana. Yupo wa kumpokea mizigo, yupo wa kumpa kitambaa baridi na glasi ya sharubati, yupo wa kumwonyesha chumba na kumwambia chakula cha jioni ni saa ngapi na huliwa wapi. Tabasamu lipo, ndiyo, lakini nyuma ya tabasamu kuna ratiba, na kila mtu anaijua zamu yake.

Sasa tazama Januari, shule zinapofunguliwa. Mtoto ametoka Kinango alfajiri, akateremka Kombani kubadilisha matatu, na Ukunda akapanda bodaboda, sanduku la bati limefungwa nyuma kwa mpira. Langoni anaelekezwa ofisini kwa kidole. Ofisini anaulizwa karatasi. Darasani anaonyeshwa dawati la nyuma, kwa kuwa ndilo lililobaki. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzake wanatoka mbio kwa makundi, naye anabaki kando ya ukuta. Amebanwa na haja tangu asubuhi, lakini hajui choo kiko upande gani, na anaona haya kuuliza. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Ila hakuna aliyepangiwa kumfanyia wema.

Hapo ndipo penye wito wangu. Mwanafunzi mpya apokewe kwa mpango, kwa watu waliotajwa majina na kupewa zamu. Tusiuachie moyo mzuri wa yeyote atakayepita.

Ugeni wa darasani una uzito wake huku kwetu. Kaunti yetu ni moja, lakini ndimi ni nyingi. Msambweni mtoto amelelewa kwa Kidigo, Kinango kwa Kiduruma, Shimba Hills huenda ni Kikamba, Makongeni ni Kimakonde, Wasini na Vanga ni Kivumba. Sera ya elimu inasema watoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini siku ya kwanza mtoto anaweza kukutana na mwalimu aliyehamishwa kutoka bara wiki iliyopita, naye mwalimu ni mgeni vilevile. Akifika kwenye jina Mbodze au Dzame katika rejista, ulimi unakwama, darasa linacheka, na mwenye jina anainamisha kichwa. Mwalimu, pitia orodha hiyo mapema na mwenzako wa hapa. Ukikosea, muulize mtoto jina lake linavyotamkwa, ulirudie mpaka likae sawa. Dakika moja itatosha, na darasa zima litakuwa limeona kwamba jina la mtu haliwi mzaha.

Mwaka 2026 umetuonyesha jambo jingine. Januari hiyo kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10. Wengi wao walitoka sekondari msingi zilizo ndani ya shule za msingi. Kwa kuwa kidato cha kwanza cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4 kiliingia 2024, mwaka 2025 shule za sekondari hazikupata darasa jipya. Wageni wa 2026 wakakuta kidato cha tatu na cha nne tu. Kidato cha pili hakikuwepo, na kwa kawaida hao ndio wanaoukumbuka ugeni wao wa juzi, ndio wanaomshika mpya mkono na kumwonyesha bweni. Tena wale wakubwa walikuwa wakisoma mtaala mwingine, hata vitabu vya kuazimana havikulingana. Desturi ikikatika namna hiyo, haitajirudia yenyewe. Inabidi walimu na viranja waianze upya makusudi.

Tena waianze iliyo njema. Ipo ile nyingine ambayo wengi wetu tuliosoma bweni tunaijua: mpya kuitwa mono, kufulishwa nguo za wakubwa, kunyang'anywa sabuni na sukari aliyonunuliwa na mama yake, kuimbishwa usiku ili watu wacheke. Wapo watu wazima wanaoyasimulia hayo kama ushujaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kisaikolojia. Mzazi unayemwambia mwanao, "Vumilia, hata sisi tulipitia," unamfundisha kungoja zamu yake ya kuonea. Mwambie aripoti, na umtajie mtu wa kumwendea.

Kuhusu karatasi, sisi wa Msambweni tunajua uzito wake. Wamakonde waliishi hapa miaka na miaka bila kitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipofunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, wakatambuliwa. Wapemba nao wakatambuliwa 2023. Bado zipo nyumba ambazo cheti cha kuzaliwa kinatafutwa ofisi hii na ile. Ninawaomba walimu wakuu na makarani: swali la cheti, la karo au la sare isiyokamilika liulizwe pembeni, mzazi akiwepo, na si mbele ya foleni. Deni ni la wakubwa. Mtoto asilibebe usoni siku ya kwanza.

Haya, tugawane zamu.

Walimu, mpeni kila mpya mwenzake wa kutembea naye wiki nzima, na mchague anayetoka upande wake au anayejua lugha yake. Mzunguko wa kwanza usiwe wa hotuba. Uwe wa choo, mfereji wa maji, jikoni, mahali pa kuswalia na mlango wa mwalimu wa ushauri nasaha.

Wanafunzi wenyeji, kazi yenu ni nyepesi kuliko zote na ndiyo kubwa. Sogeeni kwenye benchi. Saa ya chakula mpya asishike sahani ya githeri akitafuta pa kukaa. Mchezo ukianza, mwiteni kwa jina lake, msimwite "wewe mgeni".

Wazazi, mtembezeni mtoto hadi shuleni kabla ya siku yenyewe, aijue njia na lango. Mama unayempeleka wako, tupa jicho pia kwa yule aliyekuja peke yake, au na nyanya asiyejua kusoma fomu. Msaidie kuijaza.

Vijana wa bodaboda na tuktuk wa Ukunda, Kombani na Lunga Lunga, mara nyingi ninyi ndio wenyeji wa kwanza kukutana na mtoto huyu. Msimpandishie nauli kwa kuwa hajui bei. Mfikisheni langoni, mmshushie sanduku, mmkabidhi kwa mtu mzima.

Na wazee wa mitaa, maimamu na wachungaji, juma moja kabla ya kufunguliwa shule litajeni jambo hili baada ya swala ya Ijumaa na katika ibada ya Jumapili. Neno lenu linafika mahali ambapo barua ya shule haifiki.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji bajeti ya kaunti wala ruhusa ya wizara. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hao wapya yumo atakayewafungia mabao, atakayewaeleweshea hesabu, atakayekuwa muuguzi au mwalimu wa wajukuu wenu.

Basi kabla muhula ujao haujaanza, msomaji wangu, nenda kwenye shule iliyo karibu nawe ukaulize swali moja: nani amepangiwa kuwapokea wapya? Ukiambiwa hakuna, andikisha jina lako.